Gilles de Rais Hakuua Wake Zake

Kwa muda mrefu Gilles de Rais, kabaila wa Ufaransa aliyepigana bega kwa bega na Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waingereza, amesemwa kuwa ndiye Ndevu za Buluu wa hadithi, mume aliyewaua wake zake mmoja baada ya mwingine. Si kweli.

Gilles alioa mke mmoja tu, Catherine de Thouars. Aliponyongwa mjini Nantes tarehe 26 Oktoba 1440, Catherine alikuwa hai, na baadaye akaolewa tena. Binti yao wa pekee, Marie, aliolewa mara mbili, mume wa kwanza akiwa Prigent de Coëtivy, kisha André de Laval. Marie alifariki mwaka 1457 bila mtoto, na urithi ukamwendea René, mdogo wake Gilles.

Kisa cha Ndevu za Buluu kilichapishwa na mwandishi Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, na jina la Gilles halimo. Kinachoniuma ni hiki: mashtaka yaliyomfikisha kitanzini yalikuwa ya kuua watoto. Wazazi, wengi wao mafukara, walifika mahakamani kueleza jinsi watoto wao walivyopotea. Hadithi ya wake wa kubuni imewafunika watu hao.