Rangi ya Kahawia Haitakuonyesha Bia Unayoitafuta

Swali limenifikia tena, na safari hii limekuja na jibu lake potofu likiwa ndani. Mtu anaipenda Newcastle Brown Ale, bia ya kahawia ya Uingereza, haipati tena mahali anapoishi, anauliza anywe nini badala yake, na muuzaji amemshauri achukue stauti kwa sababu zote ni bia nyeusi. Kazi yangu ni kuonja bia na kueleza kilichomo, na ushauri huu ninausikia kutoka kwa wauzaji, kwa wahudumu wa baa na hata kwa watu wanaojiita wajuzi wa bia. Ni ushauri mbaya. Humpeleka mnywaji kwenye kitu ambacho kinyume chake ndicho alichokuwa anakitafuta, naye hurudi nyumbani akiamini kwamba bia yake haina ndugu duniani.

Rangi ya bia hutokana na kimea, yaani nafaka iliyochipushwa kisha ikakaushwa, hilo ni kweli, lakini kimea kilichochomwa sana kina nguvu kubwa mno ya kupaka rangi. Mwaka 1817, Daniel Wheeler alipata hataza nchini Uingereza kwa ajili ya pipa lake la kukaangia kimea, na tangu hapo mpishi wa bia aliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa ya mapishi yake, kisha akaongeza kiasi kidogo tu cha kimea cheusi na bia yote ikageuka rangi. Asilimia moja au mbili ya kimea hicho hutosha kuifanya bia nyepesi ionekane ya kahawia bila ulimi kuhisi tofauti ya maana. Isitoshe, viwanda vingi vimetumia rangi ya karameli, na Newcastle Brown Ale yenyewe ilitiwa rangi hiyo kwa miaka mingi. Anayechagua kwa kutazama glasi, basi, huenda anachagua kwa kigezo kilichomiminwa kutoka kwenye dumu.

Wazo kwamba nyeusi ni kali halihitaji maneno mengi: Guinness ya bomba ina asilimia 4.2 ya alkoholi, na Newcastle Brown Ale ina asilimia 4.7.

Kinachostahili maneno mengi ni aina ya kimea, kwa sababu hapo ndipo ladha inapoamuliwa na hapo ndipo watu hupita haraka. Kimea cha kristali hutengenezwa kwa kupasha joto shayiri iliyochipua ikiwa bado mbichi na yenye unyevu, katika joto la nyuzi 65 hadi 70 hivi, mpaka wanga ulio ndani ya kila punje ugeuke sukari hukohuko ndani ya ganda lake. Kisha joto hupandishwa, sukari ile ikaiva na kuganda. Chukua punje moja uipasue kwa meno. Ndani utakuta kitu kigumu, king'avu, chenye rangi ya kaharabu, na utamu wake hubaki mdomoni kama tofi. Sasa pasua punje ya kimea cha chokoleti, ambacho hakina chokoleti yoyote ndani yake bali kimekaangwa kikiwa kikavu. Hicho huvunjika na kuwa unga, hukausha ulimi, na uchungu wake ni wa kahawa iliyokolea moto. Hivi ni vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti, na jambo linaloniudhi ni kwamba ndani ya glasi vinaweza kutoa rangi ileile kabisa. Bia ya kahawia ya kaskazini mwa Uingereza imejengwa juu ya ladha za upande wa punje ya kwanza: karanga za kukaanga, tofi, ukoko wa mkate, na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, ambao upo kwa ajili ya kuzuia utamu usichoshe. Stauti kavu imejengwa juu ya shayiri iliyochomwa. Kumpa mpenzi wa hiyo ya kwanza hiyo ya pili ni kumnyima kila alichokipenda na kumbakizia kivuli cha rangi.

Hamira nayo ina neno. Hamira za eli za Kiingereza, yaani bia zinazochachushwa katika joto la juu kidogo, huacha harufu ya matunda yaliyoiva, wakati hamira za laga, zinazochachushwa katika baridi, huacha bia ikiwa safi na yenye ladha ya kimea pekee. Kwa sababu hiyo dunkel ya Munich, laga ya kahawia ya Kijerumani ambayo kwa rangi haitofautiani na bia nyingi za kahawia za Uingereza, inakaribia shabaha lakini haiigusi. Hata hivyo, anayekosa eli ya kahawia afadhali achukue dunkel kuliko stauti, na nitalisema hilo bila kusita.

Sasa majina. Kabla ya kutafuta mfano wa bia, lazima ujue ni bia ipi hasa unayoikumbuka. Newcastle Brown Ale ilizinduliwa mwaka 1927 na Kanali James Porter katika mji wa Newcastle ulioipa jina, na kwa muda mrefu ilikuwa mchanganyiko wa bia mbili, moja nzito na nyingine nyepesi. Mwaka 2005 upishi wake ulihamia ng'ambo ya mto Tyne, Gateshead, na mwaka 2010 ukahamia mji wa Tadcaster, Yorkshire. Mwaka 2019 ile ya soko la Marekani ilianza kupikwa na Lagunitas, kiwanda cha California, kwa mapishi mapya na hamira yao wenyewe. Msomaji aliyeinywa Chicago kabla ya mwaka huo na yule aliyeinywa baadaye hawaulizi swali moja, ingawa chupa zao zina jina moja.

Kwa yule anayeikumbuka ile ya Kiingereza, Double Maxim ndiyo ningeanza nayo. Ilizaliwa Sunderland, jirani kabisa na Newcastle, mwaka 1901 kwa jina la Maxim Ale. Kiwanda chake, Vaux, kilifungwa mwaka 1999, na bia ikafufuliwa na waliokuwa viongozi wake. Ina asilimia 4.7 pia, na tofi yake imesimama wazi zaidi. Baada yake ni Nut Brown Ale ya Samuel Smith's wa Tadcaster, yenye asilimia 5, inayochachushwa katika matangi ya mawe. Haina karanga, karanga ni ladha ya kimea. Mann's Brown Ale, iliyoanzishwa London mwaka 1902, ina asilimia 2.8 tu na ni tamu sana, hivyo ni ya ukoo mwingine ingawa imeandikwa maneno yaleyale. Za Marekani, kama Brooklyn Brown Ale yenye asilimia 5.6, huwa na kimea kilichokaangwa zaidi na hopsi zinazojitokeza kwa harufu. Ni nzuri, lakini si mbadala wa aliyezoea upole.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo vitabu hulifunika. Mwongozo wa aina za bia wa BJCP (Beer Judge Certification Program), unaotumiwa na waamuzi wa mashindano, unazipa bia za kahawia za Uingereza na za Marekani kiwango kilekile cha uchungu, vizio 20 hadi 30, na viwango vyao vya alkoholi vinaingiliana karibu vyote. Mwaka 2015 mwongozo huo uliacha kuzigawa za Kiingereza katika kaskazini na kusini, mgawanyo ambao kabla ya hapo ulifundishwa kama sheria ya maumbile. Nina shaka kubwa kwamba mipaka hii ina uhai wowote nje ya karatasi. Shaka yangu nyingine ni nzito zaidi: harufu hafifu ya siagi iliyomo katika bia za Samuel Smith's, inayotokana na diasetili, kemikali inayozaliwa wakati wa uchachushaji, ingepunguziwa alama katika aina nyingi za bia, nami naamini ni sehemu ya kile kinachowafanya watu waipende.

Hali iko hivyohivyo kwa mwanga. Newcastle Brown Ale imejulikana kwa chupa yake ya kioo kisicho na rangi, na mwanga ukipenya humo hugeuza kemikali za hopsi na kutoa harufu inayokaribiana na ya kicheche. Wapo, nadhani, wanaokumbuka harufu hiyo kama sehemu ya bia yenyewe, na hao hakuna mbadala nitakaowapatia. Wengine wote wamwombe muuzaji awaletee chupa kutoka kwenye katoni iliyofungwa badala ya ile iliyokaa rafuni chini ya taa, waitoe kwenye friji mapema ifike nyuzi 10 hadi 13, na waionje kwanza wakiwa wamefumba macho.