Sukari Kushuka Usiku kwa Mtoto Mdogo: Kinga Huanza Jioni

Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza huishi kwa insulini ya sindano, kwa kuwa kongosho lake haliitengenezi tena ya kumtosha, na insulini hiyo hiyo inayomweka hai ndiyo inayoweza kuishusha sukari yake kupita kiasi akiwa amelala. Sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au miligramu 70 kwa desilita kwenye mashine zinazotumia kipimo hicho. Ikifika chini ya 3.0 hali ni ya hatari, kwa sababu ubongo hutegemea glukosi, yaani sukari ya damu, kufanya kazi. Mtu mzima aliye macho hutetemeka, moyo ukamwenda mbio, akatafuta cha kutia kinywani. Mtoto wa miaka mitatu au minne hana maneno ya kulieleza jambo hilo hata mchana, na akilala, homoni ambazo zingemwamsha hutoka kwa uchache. Mzazi basi asitegemee mtoto kuamka na kulia. Autazame mchana na jioni ya mtoto ilivyokwenda, kisha apange usiku wake.

La kwanza la kutazama ni aina ya insulini na saa iliyodungwa. Watoto wengi wa hapa Mombasa hutumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30, ambayo sehemu yake kubwa ni insulini nyeupe yenye kufanya kazi polepole, na iliyobaki ni ya haraka. Sehemu hiyo nyeupe hufikia kilele takriban saa nne hadi kumi baada ya sindano, kwa hiyo dozi ya saa moja jioni huwa na nguvu zaidi kuanzia kama saa tano usiku hadi karibu na alfajiri, wakati chakula cha jioni kimekwisha kusagika na nyumba nzima imelala. Daktari anaweza kuitenganisha dozi hiyo, ya haraka ikabaki kabla ya chakula na ile nyeupe ikasogezwa hadi wakati wa kulala, ili kilele chake kikutane na kifungua kinywa. Uamuzi huo ni wa kliniki, lakini mzazi ana haki ya kuuliza. Lililo mikononi mwake kila siku ni kuiviringisha chupa taratibu kati ya viganja, mara 10 hadi 20, mpaka weupe uenee sawasawa. Chupa isiyochanganywa vizuri hutoa dozi pungufu leo na dozi kali kesho, na mzazi akadhani kosa ni la chakula.

La pili ni mchezo. Mtoto aliyeshinda akiogelea ufukweni Nyali, au aliyekimbizana na wenzake uwanjani hadi adhana ya magharibi, hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini, na mwili huendelea kuijaza akiba hiyo kwa saa nyingi baadaye kwa kuivuta sukari kutoka kwenye damu. Kushuka huko huweza kuja baada ya muda wa saa saba hadi kumi na moja tangu mchezo uishe, hata kama kipimo cha jioni kilikuwa kizuri. Siku kama hiyo mtoto asilale kwa chai tupu, na kliniki inaweza kumwelekeza mzazi kuipunguza kidogo dozi ya jioni.

Joto la Mombasa nalo lina mambo yake mawili. Insulini iliyokaa kwenye chumba chenye joto zaidi ya nyuzi 30 hupungua nguvu, sukari ya mtoto ikapanda, na dozi ikaongezwa. Siku inapofunguliwa chupa mpya yenye nguvu kamili, dozi ile ile kubwa humwangusha mtoto usiku. Kwa hiyo chupa mpya ifunguliwe pamoja na vipimo vya ziada, na nyumba isiyo na friji iihifadhi insulini ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini. La pili ni jasho. Vitabu husema shuka iliyolowa ni dalili ya sukari kushuka, lakini mwezi wa Machi shuka ya nani haijalowa? Hapa tofauti iko kwenye ngozi: jasho la sukari huwa baridi na ngozi hupauka, hata mtoto akiwa chini ya feni na nduguye aliye kando yake ni mkavu. Kuweweseka, jinamizi, kilio kisicho na sababu, ugumu wa kuamka na kichwa kuuma asubuhi vihesabiwe pamoja nalo. Mzazi anayependa kumsomea mtoto dua anapolia usiku aisome, lakini kidole kipimwe kwanza.

Kipimo cha kabla ya kulala hakiachwi. Kwa mtoto mdogo anayetumia insulini nyeupe, sukari iliyo chini ya 7 wakati huo inahitaji mlo mdogo wenye wanga na protini, kama kikombe cha maziwa na kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha. Kipimo cha saa nane au saa tisa usiku kifanywe baada ya mchezo mwingi, dozi kubadilishwa, mtoto kutapika au kukataa chakula, na pia mwanzoni mwa Ramadhani, kwani ingawa mtoto huyu hafungi, mlo wake huwa rahisi kuhamishwa ufuate futari na daku huku sindano ikibaki saa ile ile.

Sukari ikishuka na mtoto akiweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Chokoleti na kashata hazifai kwa dharura, maana mafuta huichelewesha sukari. Ikishapanda, ale kitu kidogo ndipo arudi kulala. Akiwa amezimia au ana degedege, asinyweshwe chochote: alazwe ubavu, adungwe glukagoni, dawa ya kupandisha sukari haraka, ikiwa ipo, na apelekwe hospitali mara moja, njiani sukari kidogo iliyoloweshwa inaweza kupakwa ndani ya shavu lililo upande wa chini alipolala.

Wako wazazi ambao, baada ya usiku mmoja wa namna hiyo, huiacha kabisa sindano ya jioni. Woga wao unaeleweka, lakini mtoto asiye na insulini huweza kuingia kwenye sumu ya ketoni, yaani asidi inayojaa damuni mwili unapochoma mafuta badala ya sukari, nayo huua. Kinachorekebishwa ni kiasi na saa ya dozi. Sukari ikishuka usiku bila sababu inayojulikana, au ikishuka mara mbili katika wiki moja, mzazi asingoje tarehe ya kadi. Aje kliniki na daftari la vipimo pamoja na chupa ya insulini anayoitumia.