Je, wajua kwa nini akina mama wa Bukavu hutoka nyumbani ili kufanya mafungo ya kiroho?

Mama Mkristo wa Bukavu, mji ulio kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, anaweza kusali nyumbani kwake, kanisani, na hata njiani akielekea soko la Kadutu. Biblia anayo, rozari anayo ikiwa ni Mkatoliki, na shirika lake, yaani jumuiya ndogo ya waamini wa mtaani, hukutana jirani na mlango wake. Kwa nini basi, siku za mafungo, yaani za kujitenga ili kusali, zinapofika, hukunja shuka na kitenge cha kubadilisha, akaenda kulala siku mbili au tatu katika nyumba ya watawa au kituo cha kanisa kilicho mbali na mtaa wake?

Jibu la kale limo katika Injili ya Marko, sura ya 6. Mitume walikuwa wametoka kuhubiri, na watu waliokuja na kuondoka walikuwa wengi hata wao wakakosa nafasi ya kula. Hapo ndipo Yesu alipowaita waende faraghani wakapumzike kidogo. Mama anayeuza sambaza huielewa sababu hiyo bila kufafanuliwa. Samaki hao wadogo wa Ziwa Kivu huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo anayewanunua wakiwa wabichi hana budi kuwahi ufukweni alfajiri, na akirudi jioni humkuta mtoto anayedai daftari, jirani anayeomba chumvi na mgeni ambaye hajala. Marko anaendelea kusimulia kwamba umati uliwafuata mitume hadi huko, tena ukawatangulia kufika. Siku hizi umati hufuata kwa simu, na ndiyo sababu wanaofanya mafungo huombwa kuizima.

Aliyeupa utaratibu huu umbo lake linalojulikana leo ni Ignatius wa Loyola, mtakatifu mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye alianza kuandika Mazoezi ya Kiroho huko Manresa, Hispania, mwaka 1522, na kitabu chake kikaidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Humo anashauri waziwazi kwamba anayeweza ahame nyumba anamoishi, kwa kuwa akili isiyogawanyika kati ya mambo mengi humtafuta Mungu kwa uhuru zaidi. Kwa mtu aliyebanwa na shughuli aliweka njia nyingine, ya kutenga saa moja na nusu kila siku huku akiendelea na kazi zake. Njia hiyo ni njema, lakini kwa mama mwenye watoto wadogo ndani ya vyumba viwili, kuipata saa hiyo na nusu ni kugumu kuliko kuondoka kabisa.

Wanawake walihitaji nyumba zao wenyewe za kufanyia mafungo. Huko Lalouvesc, Ufaransa, Padri Jean-Pierre Terme na Thérèse Couderc walianza mwaka 1826 kuwahudumia wanawake waliokuja kuhiji, na kutokana na huduma hiyo likazaliwa shirika la watawa wa Cenacle, ambalo kazi yake kuu ikawa mafungo. Couderc alitangazwa mtakatifu mwaka 1970.

Usishangae siku ya kwanza ukiona mama amesinzia kanisani. Mwili uliozoea kuamka gizani hulipa deni lake kwanza, na hakuna sababu ya kumwamsha. Baada ya usingizi huo ndipo mengine hujitokeza: msiba ambao hakupata muda wa kuulilia, ugomvi na mkwe, hofu ya vita ambayo Kivu imeishi nayo miaka mingi. Mama aliyezungukwa na watoto huyameza hayo ili wasiogope. Katika ukimya anaweza kuyaweka mbele ya Mungu jinsi yalivyo, pasipo kumtuliza mtu mwingine kwanza.

Kwa hiyo naona ni kosa kuijaza ratiba mafundisho tangu asubuhi hadi usiku, kila saa na mhubiri wake. Mama aliyetoroka kelele za soko hakuja kutafuta kelele nyingine, hata zikiwa takatifu. Mafundisho mawili kwa siku yanatosha, na alasiri iachwe wazi. Vilevile shirika la mtaani lisiishie kukusanya mchango wa chakula. Lipange pia nani atakaa na watoto na nani atasimamia meza ya sambaza, kwa sababu mama mwenye biashara ndogo, ambaye ndiye aliyechoka zaidi, ndiye anayeshindwa kuja.