Plagini miliki ya brauza kwenye Linux ni kitu gani hasa

Umeweka Linux, kila kitu kiko fresh, halafu unafungua Netflix au Spotify kwenye brauza inakwambia kuna kitu hakipo, au wimbo unagoma tu bila maelezo yoyote. Wengi wakifika hapo wanaanza ooh Linux ni ya watu wa IT. Ila ukifuatilia unakuta shida sio ya kiufundi kabisa, ni leseni.

Plagini ni faili la programu ambalo brauza inaliita likafanye kazi ambayo yenyewe haiijui. Kwenye Linux linakuwa faili moja tu linaloishia na .so, zamani la Flash (programu ya kampuni ya Adobe ya kucheza video na magemu ndani ya brauza) lilikuwa libflashplayer.so na la siku hizi, la Widevine, ni libwidevinecdm.so. Ikiitwa miliki maana yake kuna kampuni yenye hiyo programu, inakupa faili likiwa limeshaundwa, kodi yake (source code, maandishi ya programu yenyewe) huioni, na leseni inakuruhusu kutumia lakini huruhusiwi kuisambaza mpaka mwenye mali akubali. Hicho kipande cha kusambaza ndo mzizi wa yote. Debian au Fedora, yaani wanaotengeneza matoleo ya Linux, hawawezi kuichukua wakaitia kwenye ISO yao (faili la kuwekea mfumo) wakakugawia, hata kama ni ya bure kabisa kwa mtumiaji.

Sasa wakatafuta njia. Enzi za Flash, Debian walikuwa na pakeji inaitwa flashplugin-nonfree, Ubuntu wakawa na flashplugin-installer, na ndani ya hizo pakeji Flash yenyewe haikuwemo! Kilichokuwemo ni skripti, ukiandika sudo apt install (komandi ya kuweka programu) inaingia mtandaoni kwa niaba yako, inashusha faili la Adobe, inakagua kama ni lenyewe halafu inaliweka panapotakiwa, yaani kama umemtuma mtoto dukani, yeye hana duka anakuletea tu. Ndo maana ilikuwa inatokea apt inasema pakeji imeingia vizuri lakini ukienda kwenye brauza video hazichezi, kumbe pakeji imeingia kweli ila intaneti ilikata skripti ikiwa inashusha, au upo nyuma ya proksi ya ofisini (kompyuta ya kati inayopitisha intaneti) ambayo skripti haiijui. Mtu anarudia kurestart mashine wakati faili halijawahi kufika.

Kuweka kwa mkono nako hakukuwa na maajabu. Unashusha tar.gz (faili lililobanwa), unafungua, unachukua lile libflashplayer.so unalitupia kwenye folda ya ~/.mozilla/plugins, ambayo imefichwa kwa sababu jina linaanza na nukta, na kama haipo unaitengeneza mwenyewe, halafu unafunga brauza yote na kuifungua tena maana ikiwaka ndo inapita kwenye hizo folda kuangalia kuna nini. Basi, hamna setup wala next next. Kilichokuwa kinasumbua ni biti, brauza ya biti 64 haiwezi kubeba plagini ya biti 32, na kwa miaka mingi Adobe walikuwa wanatoa ya 32 tu upande wa Linux, watu wakawa wanatumia kitu kinaitwa nspluginwrapper kuzipatanisha. Ya biti 64 iliyo rasmi ilikuja na Flash 11 mwaka 2011. Halafu 2012 Adobe wakasema kwa Linux wanaishia toleo la 11.2, mapya yatapatikana ndani ya Chrome peke yake, Firefox ikabaki inapata viraka vya usalama tu mpaka walipobadili mawazo 2016. Ndo ubaya wa kutegemea kitu chenye mwenyewe, akichoka na we umechoka, na kodi huna kwamba jamii iendeleze.

Flash ilizikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, lakini plagini miliki hazijaisha, zimebadili sura tu. Ya sasa ni Widevine ya Google, waliinunua kampuni hiyo 2010, na kazi yake ni moja, kufungua video au muziki uliofungwa na DRM, yaani kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili. Tofauti na Flash ni kwamba haichori menyu wala kuendesha magemu, na kwenye Firefox na Chrome inafungiwa kwenye sehemu yake haigusi mafaili yako hovyo. Mimi naona hii ni afadhali mara mia, ingawa bado kodi yake hakuna anayeiona.

Kwenye Firefox ya Linux imekuwepo tangu toleo la 49, 2016. Haiji na Firefox yenyewe, unaenda kwenye settings, General, unatiki sehemu ya DRM, inashushwa kimya kimya na kuwekwa kwenye folda ya profaili yako. Chrome inakuja nayo tayari sababu ni ya Google wote. Inayochanganya watu ni Chromium, inafanana na Chrome kama pacha lakini ni ya chanzo huria, kwa hiyo kwa kawaida Widevine hamna, na wajanja wanachukua folda ya WidevineCdm kutoka /opt/google/chrome wanaihamishia kwenye Chromium. Inafanya kazi, ila Chromium ikijiapdeti inaweza kugoma urudie tena. Raspberry Pi wao wana pakeji yao, libwidevinecdm0.

Na usishangae ukishafanikiwa halafu picha isiwe kali kama kwenye simu. Widevine ina madaraja, la juu L1 linataka ulinzi ulio ndani ya chipu, kompyuta ya Linux kwa kawaida inapata L3 ambayo ni ya programu tupu, na watoa filamu hawaiamini kuipa 4K. Hapo hakuna komandi itakayokusaidia.

Kuna kesi moja nzuri ya katikati, OpenH264, plagini ya video ya kampuni ya Cisco. Kodi iko wazi kabisa lakini H.264, njia ya kubana video, ina hataza (haki za wavumbuzi) za kulipiwa, kwa hiyo Cisco wanalipia wao, ila sharti faili lishushwe kutoka kwao. Firefox ndo inavyofanya tangu toleo la 33. Andika about:addons, bonyeza Plugins, utaiona hapo pamoja na Widevine kama imeshaingia.

Na saiti yoyote leo ikikwambia shusha Flash Player ndo uone video, kimbia, hicho ni kirusi. Kama una gemu la zamani la Flash unalipenda kuna Ruffle, ya chanzo huria, unaiweka kama ekstensheni ya kawaida na mengi yanacheza.