PDF, Bei na Kitabu Teule: Tunayodhani na Yalivyo

Dhana: PDF za WhatsApp ndizo zinazoua soko la vitabu Kenya.

Ukweli: Zinaumiza, lakini jeraha kubwa ni kitabu teule, yaani kile cha fasihi kilichoteuliwa kutahiniwa shuleni, kikichapishwa kiharamia kwenye karatasi. Kila mwaka watahiniwa zaidi ya laki nane hufanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na vitabu vya fasihi hutangazwa mapema. Mharamia hana haja ya kubahatisha kitakachonunuliwa.

Nilinunua nakala moja kando ya barabara. Wino ulikuwa hafifu, gundi ikaachia siku ya tatu, na baada ya ukurasa wa 64 ukafuata wa 81. Kurasa 16, yaani karatasi kubwa nzima inayokunjwa kiwandani, hazikuwamo. Mwanafunzi mwenye nakala kama hiyo anaweza kuletewa mtihanini dondoo kutoka kurasa ambazo hajawahi kuzitia machoni. Hilo linanikera kuliko hasara ya mchapishaji.

Kuhusu upakuaji haramu, utafiti ulioagizwa na Tume ya Ulaya na kuwekwa hadharani mwaka 2017 haukupata ushahidi thabiti kwamba unapunguza mauzo ya vitabu. Kwa filamu mpya zinazovuma, uliupata. Lakini soko la Ulaya si letu. Hapa wasomaji wanaonunua riwaya kwa hiari ni wachache, na kila mmoja ana uzito.

Dhana: Kitabu ni ghali kwa tamaa ya mwandishi.

Ukweli: Tupige hesabu ya kitabu cha shilingi 1,000. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyowekewa vitabu kwa sheria ya mwaka 2013, inachukua takriban 138. Mwandishi mwenye mrabaha, yaani mgao wake kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 wa bei isiyo na kodi anapata 86. Mkataba ukihesabu mrabaha baada ya punguzo la mwenye duka, anapata pungufu ya hapo. Kwa kitabu alichokiandika yeye, serikali imemzidi! Mharamia halipi kodi, mhariri wala mrabaha. Ndiyo maana bei yake ni ya chini.

Dhana: Kitabu cha kidijitali hakina gharama.

Ukweli: Karatasi na usafiri huondoka. Mhariri, msanifu wa jalada na msahihishaji bado wanadai chao, na duka la mtandaoni nalo lina mgao wake. Amazon humpa anayejichapishia asilimia 70 kitabu kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, tena katika nchi ilizoziorodhesha tu. Nje ya hapo ni 35. Shilingi 200, bei ambayo mwanafunzi wetu angeimudu, haifiki hata dola mbili.