Safu ya Makazi: Hospitali ya Mji Mdogo Humtumikia Nani?

Kazi yangu ni ya kumbukumbu za afya. Kwa miaka mingi nimeketi nyuma ya dirisha la mapokezi na ndani ya chumba cha mafaili cha hospitali ya serikali katika mji mdogo wa magharibi mwa Kenya, na kila siku ya kazi mkono wangu umepitia ile rejista kubwa ya wagonjwa wa nje ambayo sisi wa fani hii huiita kwa nambari yake, MOH 204. Ina safu ya tarehe, ya nambari ya mgonjwa, ya jina, ya umri na ya ugonjwa uliotambuliwa. Miongoni mwake ipo safu inayouliza makazi: kijiji, mtaa, au alama inayojulikana kama vile soko au shule. Ni safu ambayo makarani huijaza harakaharaka foleni inapokuwa ndefu, nami ndiyo ninayoisoma kwanza.

Langoni mwa hospitali nyingi pana ubao ulioandikwa dhamira na maono. Maneno yake ni mazuri wala siyapingi, ila ukiung'oa ubao huo ukausimike mbele ya hospitali ya kaunti jirani, hakuna atakayegundua. Kinachoitofautisha hospitali moja na nyingine ni majibu ya maswali mawili: waliolala katika wadi zake wametoka wapi, na nani alitarajiwa kulipia matibabu yao? Katika eneo letu maswali haya yamejibiwa kwa namna nyingi tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901.

Tiba ya serikali ya kikoloni ilifuata reli. Iliwalenga kwanza maafisa, askari na wafanyakazi wa reli, huku ugonjwa wa malale ukiwaua watu wengi kandokando ya ziwa katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne. Wamisionari ndio waliofungua milango vijijini. Waquaker kutoka Marekani walipiga kambi Kaimosi mwaka 1902, na daktari wao wa kwanza, Elisha Blackburn, akafika mwaka uliofuata. Waanglikana wakaanza kazi Maseno mwaka 1906. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na vijana wa Nyanza wakachukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, litokanalo na "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi. Wengi wa waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa.

Hatua iliyofuata haitajwi sana katika historia za hospitali, ilhali kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliruhusu Mabaraza ya Wenyeji yaundwe, nayo yakapewa uwezo wa kutoza ushuru mdogo kwa ajili ya shughuli za wilaya. Sehemu ya fedha hizo ilijenga zahanati na kuwalipa madresa, kama walivyoitwa wahudumu waliosafisha vidonda na kutoa dawa. Mabaraza hayo yalikuwa chini ya mkuu wa wilaya, na siwezi kuyaita chombo cha uhuru. Hata hivyo, mwananchi aliyeingia katika zahanati ya aina hiyo aliingia mahali palipojengwa kwa shilingi yake, na hospitali ya mji ikabaki kuwa pa kupelekwa yule ambaye zahanati imemshindwa. Mpango mzima wa rufaa tulio nao leo, wenye ngazi sita kuanzia jamii hadi hospitali ya taifa, umesimama juu ya wazo hilohilo kwamba mgonjwa ahudumiwe kwanza karibu na nyumbani.

Baada ya Uhuru, serikali iliondoa ada za matibabu mwaka 1965. Hapo ndipo ilipojengwa hospitali ambayo kila mtu wa ukanda huu ana habari zake, ile ya Kisumu ambayo wananchi waliibatiza jina la Russia na bado wanaiita hivyo, ingawa jina lake rasmi sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na Odinga mwenyewe alikuwa na mkono mkubwa katika kupatikana kwa msaada huo alipokuwa serikalini. Kufikia siku ya kufunguliwa, mambo yalikuwa yamebadilika sana. Odinga alikwisha kujiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, na waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kuifungua hospitali tarehe 25 Oktoba 1969, alirushiana maneno makali na Odinga mbele ya umati, vurugu zikazuka, na walinzi wa rais wakawafyatulia watu risasi. Raia waliuawa, wakiwamo watoto. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

Wageni hushangaa ninapowaeleza kwamba hospitali yenye mwanzo wa damu namna hiyo iligeuka kuwa kimbilio la mkoa mzima, na mipaka ya mkoa nayo haikuizuia. Watu wa Vihiga walikuwa wa Mkoa wa Magharibi kwa hesabu ya serikali, lakini barabara ya Majengo hushuka moja kwa moja hadi Kisumu, na mama mwenye uchungu wa kujifungua hufuata barabara. Wa milima ya Nandi walifanya vivyo hivyo. Sijui ushahidi mzuri zaidi wa nguvu ya hospitali ya jamii kuliko huu, kwamba mahali palipofunguliwa kwa msiba pamekuja kuaminiwa na watu wa lugha na vyama mbalimbali kwa sababu tu ndani yake wapo wauguzi na madaktari wanaofanya kazi.

Kuanzia Januari 1970 serikali kuu ilizinyang'anya halmashauri za kaunti kazi za afya, elimu ya msingi na barabara. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa fedha katika halmashauri, na upungufu huo ulikuwepo kweli. Lakini tangu hapo zahanati ya kijijini ilianza kungojea dawa kutoka Nairobi, na ilipokosa dawa mara tatu mfululizo wanakijiji waliacha kupoteza muda wao huko. Walipanda gari wakaja mjini. Watu wengi hulaumu wagonjwa kwa "kuruka ngazi", kana kwamba ni ukaidi. Kwa maoni yangu mgonjwa aliyeruka ngazi alikuwa amefanya hesabu sahihi ya nauli yake.

Kisha mwezi Desemba 1989 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Idadi ya wagonjwa wa nje ilishuka, ada ikasimamishwa mwaka uliofuata, halafu ikarudishwa kwa sura nyingine mwaka 1992. Niliajiriwa katika miaka hiyo. Katika hospitali yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, kulikuwa na rafu moja ya mbao karibu na mlango wa chumba cha mafaili. Juu yake yalifungwa kwa kamba ya katani mafaili ya wagonjwa walioruhusiwa na daktari kwenda nyumbani, lakini hawakuruhusiwa na mhasibu. Kila jalada lilikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: bili. Akina mama waliokwisha kupona walikaa wadini kwa majuma, wakilala wawili kitandani, huku jamaa zao wakiuza kuku au wakiitisha mchango kanisani. Mimi ndiye niliyefunga ile kamba kila jioni, na nilijua wengi wao kwa majina. Utaratibu wa msamaha kwa maskini ulikuwepo katika waraka, ila mgonjwa hakuambiwa kwamba upo.

Mabadiliko mengine nitayapitia upesi. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata huduma za afya na kukataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2013 serikali za kaunti zikaanza kazi na kukabidhiwa hospitali zote isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, na tarehe 1 Juni mwaka huohuo kujifungua katika hospitali za umma kukawa bila malipo.

Ugatuzi niliupokea kwa furaha, na bado naamini ulikuwa uamuzi wa haki, kwa kuwa ulirudisha karibu na wananchi kile kilichochukuliwa mwaka 1970. Lakini ulileta jambo ambalo safu yangu ya makazi ililionyesha mapema kuliko ripoti yoyote. Hospitali ya mji ilikuwa sasa mali ya kaunti moja, ikilipiwa na bajeti ya kaunti moja, huku wagonjwa wakiendelea kufuata barabara zilezile walizozifuata babu zao. Uvumi ukaenea kwamba wa kaunti nyingine watarudishwa.

Asubuhi moja alikuja ajuza mwenye shinikizo la damu, ameshika daftari la shule la kurasa chache, lile linalouzwa langoni na ambalo ndilo faili la mgonjwa wa nje katika hospitali zetu nyingi. Nilimwuliza, "Nyanya, unatoka wapi?" Akataja mtaa ulio nyuma ya soko letu. Nilipofungua daftari, kurasa za mwanzo zilikuwa na muhuri wa zahanati iliyo mbali, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Nilipomwuliza tena kwa upole alisema, "Mjukuu wangu, ukiandika kwetu, si mtanirudisha?"

Nilielewa hapo kwamba safu niliyoiamini kuliko zote ilikuwa imeanza kusema uongo, na kwamba uongo huo ulikuwa na gharama. Mgonjwa wa shinikizo la damu hahitaji kuja mjini kila mwezi. Akipimwa na kuanzishiwa dawa, anaweza kufuatiliwa katika zahanati ya kwao, mradi zahanati ijue aliandikiwa nini. Karatasi ya rufaa ina sehemu ya chini inayopaswa kujazwa na hospitali na kurudishwa ilikotoka. Anayetaja mtaa wa uongo hawezi kurudishiwa sehemu hiyo. Kwa hiyo atarudi kwetu, kwa nauli, hadi siku atakapoikosa nauli, na siku hiyo ataacha dawa.

Tatizo linazidishwa na namna tunavyotoa taarifa. Mwisho wa mwezi sisi hujumlisha rejista katika fomu ya MOH 705 na kuingiza hesabu hizo katika mfumo wa kitaifa wa kompyuta uliosambazwa nchini kuanzia mwaka 2011. Fomu hiyo inahesabu magonjwa siku kwa siku, na inahesabu waliokuja kwa rufaa, lakini kijiji cha mgonjwa hakimo. Anayepanga bajeti huona wagonjwa wa malaria wangapi na wa kuhara wangapi. Haoni kwamba sehemu kubwa yao imetoka kwa jirani, na kwamba jirani huyo hana zahanati yenye dawa. Bima mpya ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, kwa kanuni yake, humfuata mgonjwa popote atibiwapo, na ikilipa kwa wakati itapunguza hofu ya kaunti kuwatibu wageni. Hata hivyo, haitamwambia mpangaji wa bajeti zahanati ipi imekauka.

Hivyo tumefanya tunaloliweza. Dirishani petu pana karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili, Kiluo na Kiluhya kwamba hakuna anayerudishwa kwa sababu ya kaunti yake, na makarani wameombwa waiseme kwa mdomo kabla ya kuuliza makazi. Kila mwisho wa mwezi sisi hunakili vijiji kando, katika daftari la kawaida, na nakala yake humfikia afisa wa afya wa kaunti yetu na mwenzake wa kaunti jirani. Sehemu za chini za karatasi za rufaa hatuziachi tena ndani ya mafaili. Tunazitia katika bahasha zenye jina la zahanati na kuwapa makondakta wa matatu tunaowafahamu au wahudumu wa afya ya jamii wanaokuja mjini kwa mikutano.

Yule nyanya nilimwandikia upya, kwa kijiji chake cha kweli. Wiki tatu baadaye nesi wa zahanati ile alinipigia simu kuuliza kama tarakimu ya kipimo cha dawa niliyoinakili ilikuwa tano au kumi, kwa sababu bahasha ilinyeshewa njiani na wino ukaenea. Nilitoa rejista, nikatafuta mstari wake, nikamsomea.