Kung fu ya Shaolin: Damo hakumfundisha mtu ngumi

Kung fu ya Shaolin ni sanaa ya mapigano iliyokuzwa na watawa wa Kibudha wa hekalu la Shaolin, chini ya Mlima Song, mkoa wa Henan nchini China, ambao wameifanya kuwa sehemu ya ibada yao pamoja na kutafakari. Basi, maana ndiyo hiyo. Si karate, iliyotoka Okinawa. Najua kwenye mabanda ya video kila aliyerusha teke alikuwa "mtu wa karate", na hilo nilishasamehe zamani.

Nisichoweza kukisamehe ni kisa cha Damo. Ukikaa na watu wa mazoezi hukikosi: eti Bodhidharma, mtawa kutoka India ambaye Wachina humwita Damo, alifika Shaolin karne ya 6, akawakuta watawa wamedhoofu na wanasinzia katikati ya kutafakari, akawatungia mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo yakazaa kung fu. Kinasimuliwa kwa uhakika utadhani msimulizi alikuwepo.

Hekalu lenyewe lilianzishwa mwaka 495 kwa ajili ya mtawa mwingine wa Kihindi, Batuo. Na Damo wa mapokeo ya kale ni mtu wa kukaa kitako: miaka tisa ameukabili ukuta, kimya. Anaheshimiwa kama babu wa Chan, madhehebu ya Kibudha ambayo Wajapani huyaita Zen. Habari za mapigano amebandikwa baadaye sana, na gundi yake ni kitabu kiitwacho Yijin Jing, mwongozo wa kuimarisha misuli na pumzi. Dibaji yake inadai kuandikwa mwaka 628 na jenerali Li Jing, na inasema mafundisho hayo ya Damo yalimfikia kupitia shujaa mmoja mwenye ndevu za kusokota. Shujaa huyo ni mhusika wa hadithi ya kubuni, na mwandishi anayetajwa kuitunga, Du Guangting, alizaliwa mwaka 850! Wataalamu wanakihesabu kitabu hicho kuwa kazi ya mwaka 1624, tena ya mfuasi wa Tao, dini ya asili ya Wachina. Na hata humo, Damo anafundisha kuujenga mwili tu. Kumfanya mwasisi wa ngumi za Shaolin kulienea mwanzoni mwa karne ya 20.

Chanzo cha kweli hakina utakatifu mwingi. Hekalu lilikuwa na mali, na mwenye mali ana wa kumwogopa. Mwaka 621, Li Shimin, mwana wa mfalme wa kwanza wa nasaba ya Tang, alipokuwa akipigana na mbabe wa vita Wang Shichong, watawa wa Shaolin waliingia vitani upande wa Li na kumkamata Wang Renze, mpwa wa adui. Li alikuja kuwa mfalme Taizong, na hekalu likapewa ardhi na kinu cha maji. Jiwe lililochongwa mwaka 728 bado linaonyesha barua yake ya shukrani na majina ya watawa 13. Jiwe hilo halitaji mtindo wowote wa kupigana, wala halimpi Damo sifa ya ushindi huo.

Sasa watu wakisikia hivi huruka upande wa pili: kumbe dini ni pambo tu. Hapana. Enzi ya nasaba ya Ming (1368–1644) silaha iliyowapa sifa watawa hawa ilikuwa fimbo ndefu, isiyo na makali, na ambayo tangu zamani mtawa alikuwa nayo safarini. Kwa watu waliokula kiapo cha kutoua kiumbe, hilo si jambo dogo, ingawa fimbo nayo huua. Mwanzilishi waliyemtaja wao wenyewe ni Jinnaluo, kiumbe mtakatifu aliyejificha hekaluni kama mtumishi wa jikoni. Waasi wa Vilemba Vyekundu walipovamia, akachomoa fimbo ya kuchochea moto, akatoka nayo, akawatimua.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Cheng Zongyou, mtu asiye mtawa aliyejifunza hapo kwa zaidi ya miaka kumi, aliandika mwongozo wa fimbo hiyo. Humo anaulizwa kwa nini siku hizi watawa wengi wanajifunza mikono mitupu na kuiacha fimbo. Anajibu kwamba fimbo imeshakamilika, mikono bado haijapata umaarufu nchini, na wanaoishughulikia wanataka nayo iwe chombo cha kuwafikisha ng'ambo ya pili. Ng'ambo, kwa Mbudha, ni kule kuvuka mateso ya dunia hii na kuamka. Kwa hiyo lengo la kiroho lipo, limeandikwa, na lina tarehe. Watu walianza kupigana kwa sababu ya mashamba na vita, kisha kizazi baada ya kizazi wakauchukua ujuzi huo na kuutia ndani ya ibada, wakichanganya na mazoezi ya pumzi ya watu wa Tao.

Kwa hiyo, mwalimu wa kung fu uliyetundika picha ya Damo ukutani, usiishushe. Mwache pale kama babu wa kutafakari, maana watawa nao wanamheshimu hivyo. Ila wanafunzi wakikuuliza nani alianzisha mapigano, wape mwaka 621, na kama lazima awepo mtakatifu, wape yule wa jikoni.